Mifuko ya kaki ya Kondele: nunua ile ya bei nafuu, uiache yenye dirisha

Kama unauza unga, majani ya chai, njugu au sabuni hapa Kisumu na unatafuta mtu wa kukufungia bidhaa kwa karatasi badala ya plastiki, kuna karakana ndogo upande wa Kondele inayotengeneza mifuko na vibokisi kwa oda. Nimenunua kwao kwa muda wa kutosha kuwasema vizuri na vibaya. Kazi yao ni safi, bei haiumizi, na fundi mkuu ni mtu wa kuambiwa akasikia. Lakini bidhaa wanayoitanguliza mbele ya mgeni, ile iliyoandikwa kwa wino wa kijani kwamba ni rafiki wa mazingira, ndiyo ninayokuomba uipite.

Mimi nasaga unga wa uji wa wimbi na mtama, na upande wa pili nakaanga njugu karanga. Wimbi hunifikia kutoka Busia, njugu kutoka Ndhiwa. Jumapili niko soko la Kibuye, siku nyingine nauzia vioski vya Nyalenda na Manyatta, pamoja na supamaketi moja ya mjini. Kwa hivyo maoni haya ni ya mtu wa vyakula vikavu. Kama wewe ni wa samaki au maziwa, karatasi yao haitakufaa, na wenyewe watakwambia hivyo bila kuzunguka.

Karakana ni vyumba viwili na baraza. Ndani kuna roli za kaki zilizosimamishwa ukutani, mashine ya kukatia yenye mkono mrefu wa chuma, na meza ambapo vijana hukunja mifuko kwa mikono. Inafurahisha kuwatazama. Kijana ana kibao cha mbao kilichorandwa kwa kipimo kamili cha mfuko. Anakizungushia karatasi, anapaka gundi ukingoni kwa brashi, anakunja kitako mara tatu, anagonga kibao mezani, anakichomoa, na mfuko tayari unasimama wenyewe. Hakuna umeme unaohitajika isipokuwa wa taa, na kwa mji ambao stima hupotea katikati ya kazi hilo si jambo dogo.

Wanauza vitu vitatu hasa. Kuna mfuko wa kaki wa kawaida. Wa nusu kilo nilianza kuununua kwa shilingi 9. Kuna kibokisi cha kadibodi, shilingi 35. Na kuna pakiti ya kusimama, kaki kwa nje, yenye dirisha la kuonyesha bidhaa na zipu juu, shilingi 26. Hiyo ya mwisho hawaitengenezi hapo, wanaileta kwa katoni. Ndiyo inayokaa mezani karibu na mlango.

Nilichukua moja nikaikata vipande, nikaviloweka kwenye karai usiku kucha. Asubuhi nilisugua kipande kimoja kwa kidole gumba. Kaki ya nje ilimumunyuka ikatoka yote. Kilichobaki mkononi ni utando mwembamba unaong'aa, mzima, bila hata tundu la sindano, ukubwa uleule wa kipande nilichokata. Dirisha lilikuwa vilevile. Zipu vilevile. Nikaupeleka ule utando kwa fundi ndani ya kikopo.

“Nyar Ugenya, wateja wanataka kuona unga,” akaniambia, maana ndivyo anavyoniita, binti wa Ugenya.

“Fundi, unga wa uji una nini cha kuonwa? Ni kahawia. Karatasi yako nayo ni kahawia.”

Akacheka, lakini hakubisha kuhusu kile kikopo. Alisema tu kwamba ndiyo inayoitishwa na wenye maduka ya watalii na wanaotuma bidhaa Nairobi, na kwamba utando ule ndio unaozuia unyevu. Hapo ana haki, na nitalirudia hilo la unyevu kwa sababu ni la kweli.

Ubaya wa pakiti hiyo ni kwamba haina mlango wa kutokea. Karatasi kuukuu ikifika kiwandani hutumbukizwa kwenye pipa kubwa la maji na kukorogwa mpaka nyuzi ziachane, kisha nyuzi hizo hutandazwa upya kuwa karatasi. Karatasi tupu huachana upesi. Iliyogandishwa na plastiki hushikilia nyuzi zake, na utando huopolewa kama taka. Ukiizika shambani, nyuzi zitaliwa na vijidudu na utando utabaki ukichanika vipande vidogo kila unapolima. Ukiwashia jiko, unampikia mtoto huku anavuta moshi wa plastiki. Vijana wanaookota maboksi hapa mtaani na kuyauza kwa kilo wanajua haya kuliko sisi: boksi wanalichukua, pakiti yenye dirisha wanaiangalia upande mmoja na kuiacha.

Na marufuku ya mifuko ya plastiki hapa Kenya iliiachia nafasi, ndiyo sababu imejaa. Marufuku hiyo iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017, yenye faini ya kati ya shilingi milioni 2 na milioni 4, ililenga mifuko ya plastiki ya kubebea na ile bapa. Plastiki inayofunga bidhaa moja kwa moja kiwandani iliachwa. Kwa hivyo plastiki iliyotoka mkononi mwa mnunuzi imerudi ikiwa imevaa koti la kaki, na tunailipia zaidi.

Sasa mfuko wa kawaida, ambao ndio sababu ya kuandika haya yote. Wenye wasiwasi kwamba unga hauwezi kukaa kwenye karatasi wajiulize unga wa ugali umekaa wapi miaka yote. Pakiti ya kilo mbili ni ya karatasi tangu nikiwa mtoto, inapangwa kumi na mbili kwenye belo, inarushwa kutoka kwenye lori, inabebwa kwa boda, na inafika. Wala haina dirisha.

Oda yangu ya kwanza ilikuwa ya kaki ya gramu 120 kwa mita mraba. Ni nene, inashikika vizuri, mnunuzi anaiona ya hadhi. Lakini nusu kilo ya unga haihitaji unene huo. Nikamwomba fundi anikatie ya gramu 80. Alisita, akahofia itapasuka nimlaumu. Tukajaza mfuko mmoja, akauangusha mwenyewe kutoka usawa wa kifua kwenye sakafu ya saruji, akauokota, akauangusha tena. Haukupasuka. Kutoka 120 hadi 80 ni theluthi nzima ya karatasi imeondoka, na hakuna mteja hata mmoja aliyeuliza. Kisha tukaona mfuko ulikuwa mrefu kupita kiasi, vidole vinne vya hewa tupu juu ya unga. Tukapunguza. Bei ikashuka hadi shilingi 7.

Ninashikilia hili la kupunguza kwa sababu watu wanazungumzia kaki kana kwamba ilianguka kutoka mbinguni. Sisi wa magharibi tungekuwa wa mwisho kudanganyika. Mtu yeyote aliyepita Webuye kwa basi kabla ya kiwanda cha karatasi cha Panpaper kufungwa mwaka 2009 anaikumbuka ile harufu. Ukilala usingizi, pua inakuamsha kukuambia umefika. Ilikuwa ni salfa. Ili kupata kaki imara, vipande vya mti, hasa msonobari wenye nyuzi ndefu, huchemshwa kwa magadi makali na kemikali ya salfa mpaka ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi iyeyuke. Rangi ya kahawia ina maana tu kwamba karatasi haikupaushwa baadaye, na hiyo ni hatua moja ya kemikali iliyopunguzwa, jambo zuri. Lakini mti ulikatwa, maji yalitumika, na mto Nzoia ulikuwa jirani. Roli niliyoikuta kwa fundi siku moja ilikuwa na lebo ya Afrika Kusini, kwa hivyo harufu hiyo siku hizi wanaivuta wengine. Kila gramu unayoiacha inawapunguzia wao.

Gundi. Zamani walitumia ile nyeupe ya mafundi seremala. Sasa, ukiomba, wanapika gundi ya wanga wa muhogo kwenye sufuria hapo nyuma, na inashika vizuri kabisa. Hata maboksi makubwa ya kiwandani yale yenye mawimbi ndani hushikanishwa kwa wanga. Tatizo lake moja ni mende. Mende wa Kisumu wanaipenda gundi ya muhogo kuliko unga wenyewe, na wakipata mifuko mitupu stoo wanakula mshono na kuacha karatasi. Mimi naweka mifuko mitupu ndani ya debe lenye kifuniko na sijaona shida tena. Juu ya mfuko nakunja mara mbili na kupaka gundi ileile. Sellotape niliiacha.

Lebo zilikuwa zile stika zinazong'aa, nazo ni plastiki. Nimechongewa muhuri wa mpira wenye jina, viungo na nafasi ya tarehe, na vijana wa karakana hupiga muhuri kabla ya kukunja. Unapendeza. Hapa ndipo supamaketi ilipokuja na yake: bila bakodi hawapokei mzigo. Namba unaichukua GS1 Kenya, hilo halina ubishi, lakini bakodi ya muhuri kwenye kaki mashine ya kaunta haiisomi. Wino husambaa kidogo kwenye nyuzi, mistari inanenepa, na weusi juu ya kahawia hautofautiani vya kutosha. Tulijaribu wino mwingine na mpira mwingine, wapi. Mwishowe nabandika kipande kidogo cha karatasi nyeupe iliyochapwa bakodi tu, kwa gundi ya muhogo. Si maridadi sana ila inasomeka, na mfuko mzima bado ni karatasi kutoka kitako hadi ncha.

Unyevu sasa. Kaki inapumua, na mwezi wa Aprili na wa Mei hewa ya ziwani inaingia kwenye kila kitu. Unga wangu ukikaa rafu muda mrefu mvua zikinyesha, hushikana mabonge. Nimefupisha muda wa kuuza kutoka miezi sita hadi mitatu na kuuandika wazi, nasaga kidogo kidogo, na vioski napeleka kila wiki badala ya kurundika. Kwa biashara yangu inawezekana kwa sababu wateja wako karibu. Kama bidhaa yako ni ya kusafiri hadi Mombasa na kukaa dukani nusu mwaka, usiniige. Unga ukitupwa, umetupa shamba, mvua, jasho la mtu wa Busia na mafuta ya posho mill, na hivyo vyote vina uzito kuliko kijikaratasi cha kufungia. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wakishika jambo la mazingira wanasahau kilichomo ndani ya pakiti.

Njugu ndizo zilizotutoa jasho. Njugu iliyokaangwa hutoa mafuta, na kaki tupu baada ya siku chache inakuwa na mabaka ya giza kama shati la fundi gereji. Fundi akaniletea karatasi nyeupe ya kufungia chipsi, akasema haipenyi mafuta. Nikamuuliza, haipenyi kwa sababu gani? Maana kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kusaga nyuzi laini sana na kuikandamiza karatasi mpaka vinyweleo vyake vizibe. Hiyo bado ni karatasi tu. Ya pili ni kuipaka au kuichanganyia kemikali zenye florini, zile za kundi la PFAS, ambazo hufukuza mafuta na maji vizuri sana lakini hazivunjiki kwa urahisi zikishaingia kwenye maji na mwilini. Denmark ilizipiga marufuku kwenye karatasi za vyakula mwaka 2020. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilitangaza Februari 2024 kwamba kemikali hizo za kuzuia mafuta haziuzwi tena kule kwa karatasi za vyakula. Fundi hakuwa na jibu, na belo lenyewe halikuandikwa kitu.

Tukadondosha tone la mafuta ya kupikia. Lilisimama juu ya ile karatasi, duara kamili, ukiinamisha linabingirika na kuacha pakavu. Hicho si kipimo cha maabara, lakini kinatosha kukufanya uulize, na kwa kuwa hakuna wa kujibu, sikuichukua. Safari iliyofuata alikuwa amepata nyingine, nyembamba, inayopitisha mwanga kidogo, inayolia kwa sauti kali ukiikunja. Tone la mafuta lilitandaa juu yake polepole, likakaa, na upande wa chini ukabaki mkavu mpaka tulipomaliza kunywa chai. Hiyo ndiyo ninayotumia: kipande cha ndani cha karatasi hiyo, na mfuko mwepesi wa kaki nje. Inaniongezea shilingi 4 kwa pakiti. Njugu hazidumu kama kwenye plastiki, huanza kuchacha mapema, kwa hivyo nakaanga kila wiki na wateja wamezoea kuzipata zikiwa bado za motoni.

Kwa wale watakaosema gazeti lipo na ni bure: najua. Nimekula njugu za gazeti stendi ya basi tangu shule ya msingi. Lakini wino wa gazeti una mafuta ya petroli na haukuandaliwa kwa chakula, na njugu ya moto yenye mafuta inaufyonza. Ndiyo sababu pia sikubali kadibodi ya kijivu iguse chakula moja kwa moja. Kadibodi hiyo imetengenezwa kwa karatasi zilizochapwa zamani, na mabaki ya wino yamo. Nje ya pakiti ni mahali pake pazuri, kwa sababu inaokoa miti. Ndani, hapana.

Kibokisi chao, basi, sikitumii. Ni kizuri kwa sabuni na zawadi.

Fundi alinionyesha pia karatasi ya gugumaji aliyoletewa kama sampuli. Lile gugu linalotuzibia ufuo wa Dunga hapa ziwani tangu miaka ya 1990 hutoa karatasi yenye nyuzi zinazoonekana, nzuri kwa macho. Kule Nakuru kuna Hyapak, iliyoanzishwa na Joseph Nguthiru aliyesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Egerton, wanaotengeneza vifungashio kutokana na gugu hilohilo, kwa hivyo si ndoto. Ila sampuli niliyoishika Kondele ilikuwa ngumu na ilivunjika kwenye mkunjo wa kitako. Kwa mfuko wa unga bado. Kwa kukunjia kipande cha sabuni ningeichukua leo.

Mifuko inaishia wapi? Hili nilitaka kuliona mwenyewe. Uingereza, idara yao ya mazingira ilitoa utafiti mwaka 2011 ulioonyesha kwamba mfuko wa karatasi unapaswa kutumika mara tatu ndipo ulingane, kwa upande wa joto la dunia, na ule mfuko mwepesi wa plastiki unaotumiwa mara moja. Ule ulikuwa utafiti wa mifuko ya kubebea, lakini ulinifanya nianze kuuliza wateja. Kibuye mama muuza omena jirani yangu huninunulia unga kisha mfuko uleule anafungia omena za mteja. Wa Manyatta wanaweka misumari, mbegu za sukuma, hata nauli ya mtoto wa shule. Mwishowe unawashia jiko. Nyumbani nilizika mmoja kwenye shimo la mgomba pamoja na maganda, na nilipofukua wakati wa kupalilia nilipata alama ya muhuri wangu kwenye kipande cha ukubwa wa kiganja, kilaini, kimejaa minyoo. Ile pakiti ya dirisha niliyozika pembeni yake nimeiacha humo. Dirisha bado naliona likimetameta jua likipiga.

Kuhusu huduma yenyewe. Wanataka nusu ya pesa kwanza kwa M-Pesa, na hilo sioni ubaya. Ubaya ni tarehe. Ukiambiwa Jumanne, panga Alhamisi. Hesabu mifuko kabla ya kuondoka; mafungu yao ya hamsini hamsini mara nyingine yana arobaini na kitu, na ukionyesha wanaongeza bila maneno, lakini ni lazima uonyeshe. Kipimo hubadilika kidogo kutegemea kijana aliyekunja, kwa hiyo omba kibao kimoja kitumike kwa oda yako yote. Oda ndogo kabisa ni mifuko 200, ambayo kwa mwanzilishi inabebeka. Fundi hatakusukuma kununua kikubwa, na mimi nimemwona akimrudisha mteja wa asali akimwambia waziwazi akatafute chupa.

Ukienda, beba bidhaa yako mwenyewe, nusu kilo kamili, mjaze mfuko na kuuangusha pale pale. Taja gramu 80, gundi ya muhogo, bila dirisha. Atakuonyesha dirisha hata hivyo. Jumamosi usihangaike, ni Wasabato; Ijumaa nayo fika kabla ya saa nane, maana wanaanza kufagia mapema.